Kle ya Makumi Mbili na Ine

Musonoi, 3 Machi 2024

Laure mutoto yangu, mama yangu,

Jambo sana. Unalala muzuri? Ile baridi ya Ufaransa haijakukata masikio?

Mi Kabemba, Mungu alinichagua. Miaka makumi tatu mu mashini ya kusaga mawe, hata kle moja ya kukazia nati haijanipotea ndani. Hata moja! Niliona chefs Babelge, niliona Bachina, bote balivua kofia.

Siku bakubwa ba usine ya kutengeneza ndeke batakuuliza maswali juu ya kazi, usikimbilie diplome, kila muntu iko nayo. Ambia bo habari ya kitenge ya marehemu mama yako: mbele ya kufunga mashini, napanga bintu byangu byote juu yake, nahesabu. Kimoja kikikosa, hakuna kufunga. Batalia machozi!

Usijali juu yangu. Kila mangaribi nyumba inajaa bantu, biti binakosa.

Tata yako, muzee wa bahati, wa chance

Ufaransa, 21 Machi 2024

Tata,

Jambo. Magoti inauma tena? Presha ilishuka?

Balinitwaa! Bakubwa batatu baliniuliza masaa mbili juu ya kutoboa aluminium. Kisha mama mumoja wa nywele nyeupe akasema: "Ukikosea, unafanya nini?" Nikabaambia habari ya kitenge yako. Akaweka kalamu chini. Sasa niko ingénieur wa kutengeneza mabawa, miezi sita ya kujaribiwa.

Hapa bantu habasalimiane mu ngazi. Siku ya Mungu nasemaka na masufuria.

Mutoto yako, Laure

Musonoi, 6 Aprili 2024

Laure mama,

Masufuria inajibu? Yangu inajibu, tena kwa kiburi.

Nilitembeza barua yako cité yote. Ba taxi-moto balipiga honi sawa ndoa inapita! Niliambia bo: ndeke ikipita juu ya Kolwezi, musalimie, ni kazi ya mutoto yangu.

Televizyo naiacha ikisema, hata siiangalie. Kula, usikonde.

Tata yako

Ufaransa, 10 Julai 2024

Tata,

Jambo. Hii naituma ku simu, barua ingechelewa. Leo usiniulize kama nalala.

Jana tulifunga bawa, nikaweka sahihi kama bintu byote biko. Kisha nikahesabu tena: mèche moja ya kutobolea, ndogo sawa kidole, haiko. Nilitafuta chini, mu mifuko, fasi yote. Iko ndani, Tata. Hakuna aliyeniona.

Ijumaa bawa inaenda kuunganishwa na ndeke. Nikisema, kazi ya bote inasimama, banaweza kunifukuza, na karatasi za kuishi huku zinaenda pamoja na kazi. We haukupoteza kintu miaka makumi tatu. Sasa unaniona namna gani? Nifanye nini?

Mutoto yako, Laure

Musonoi, 10 Julai 2024

Laure,

Salamu tutapeana siku ingine.

Unamukumbuka Kankolongo? Yule alikulaka bukari kwetu kila mangaribi, anakubeba ku mabega. Mwaka wa 2009 tulitengeneza kinu ya mawe, mi na ye. Nilihesabu: kle ya namba makumi mbili na ine haiko. Nilijua iko ndani. Niliogopa chef, nikafunga. Kesho yake kinu ikavunjika meno. Bakauliza nani alifunga mwisho. Nikasema: Kankolongo.

Balimufukuza. Alirudi kwabo Kisenge na bibi na batoto, bitanda juu ya kamyo, mi nasimama ku mulango namupungia mukono. Ile kitenge nilianza kuitandika kisha.

Kinu haibebe bantu. Ndeke inabeba. Enda leo kwa ule mama wa nywele nyeupe, mbele hata ya kunijibu. Bakikufukuza, kuja nyumbani. Kitanda yako iko.

Bantu balijua ukweli; toka uliondoka, hakuna anayepiga hodi kwangu. Napika bukari ya bantu babili, nakula mumoja.

Sikukuwa na chance hata siku moja. Kle ni mi niliacha ndani, na nilikudanganya.

Tata yako