Barua Niliyoiandika Juu ya Sadoki

Jumapili, 3 Machi 1912

Leo tumeanza. Sala ya alfajiri kila siku mpaka Pasaka, kumwomba Mungu atuhuishe, kanisa hili la Ngonga liamke. Nilipiga kengele kabla jua halijachomoza. Watu kumi na mmoja. Wawili walisinzia. Mzee Asajile, mzee wetu wa kanisa, aliomba hata magoti yangu yakafa ganzi — wafalme, wagonjwa, ng'ombe, kisha wagonjwa tena. Mimi nilikuwa nangoja amalize. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu.

Naandika kwa Kiswahili alichonifundisha karani wa boma, maana hapa hakuna mwingine anayekisoma. Angetile mke wangu anasoma Kinyakyusa kunishinda. Basi humu naweza kusema kweli. Moyo wangu mkavu. Nafundisha, naimbisha, nasoma Injili kwa sauti nzuri — ndani hamna kitu. Mvua haijakatika tangu Jumatano, nguo zimeota ukungu, na mimi mkavu.

Natamani mwaka ule tuliobatizwa, mimi na Sadoki, kwa bakuli moja la maji. Tulirudi nyumbani tukiimba mpaka sauti zikatuishia. Nilidhani itakuwa hivyo siku zote.

Jumanne, 5 Machi

Watu tisa. Paa linavuja juu ya benchi la wanawake.

Baada ya sala nilikwenda shambani. Sadoki alikuwa anapandikiza mpunga ng'ambo ya mfereji, maji yamemfika magotini. Nikamwamkia kwa Kinyakyusa: "Ugonile." Akajibu bila kuinua kichwa: "Ndaga, Mwalimu."

Mwalimu! Tulichunga pamoja ng'ombe wa baba zetu. Tulijenga pamoja kijiji cha vijana wa rika letu, vibanda vyetu vya mianzi vikitazamana. Alinijua Andongwisye kabla sijawa Lazaro. Sasa mimi ni Mwalimu, tena anaangalia miche.

Kanisani yeye ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya chini. Tangu kanisa limtenge nyimbo zetu zinaelea tu.

Alhamisi, 14 Machi

Watu saba. Barua ya Padre imefika kutoka misioni. Atakuja Jumamosi kabla ya Pasaka, aseme na kila mmoja peke yake, kama desturi, ndipo tukaribie Meza ya Bwana. Anataka nimwandikie jinsi watu wanavyoamka. Nikaandika: "Kuna njaa kubwa ya Neno." Nikafuta. Nikaandika: "Mvua ni nyingi." Hiyo nimeiacha.

Angetile ameniuliza mbona naomba macho wazi. Naangalia benchi la nyuma. Veronika, mke wa Sadoki, anakuja kila alfajiri. Mume wake haruhusiwi Mezani, na mlango wa kanisa ameuacha mwenyewe. Mama huyu anakaa pale, haombi kwa sauti, halii. Nikifumba macho namwona vilevile.

Jumapili, 17 Machi

Nimehubiri juu ya mifupa mikavu. Hakuna aliyetikisika isipokuwa mtoto mchanga wa Felista, naye ni njaa.

Baada ya ibada Asajile akasimama. Akasema Roho haji kwa sababu kuna dhambi imefichwa kati yetu, heri tuitafute nyumba ilimofichwa. Akataka tuhesabu wanaopika pombe, wanaokwenda kwa waganga. Hakutaja jina. Watu wakageuka mmoja mmoja kumtazama Veronika.

Nami niliwaacha wamtazame. Nilikuwa na kitabu mkononi, ningeweza kuanzisha wimbo. Sikuanzisha.

Jumatatu, 18 Machi

Jana Angetile aliweka chakula mbele yangu, hakuketi. Akasema Veronika amemweleza jambo mtoni, baada ya ibada ile. Nataka kuliandika lote, hata kama mkono hautaki.

Mwaka juzi, wakati wa mavuno, Tuntufye binti wa Sadoki alishikwa na homa. Alikuwa na miaka sita. Wazee wa ukoo wakakusanyika uani kufanya desturi yetu ya zamani: kila mwenye hasira na nduguye anaisema wazi, kisha anatia maji kinywani na kuyapuliza nje, hasira itoke, mtoto apone. Kanisa limeikataza. Mimi nilikuwa nyuma ya migomba. Niliona migongo. Nikasikia maji yakipulizwa. Nikarudi nyumbani, nikamwandikia Padre: "Nimemwona Sadoki kwa macho yangu akipuliza maji pamoja nao."

Migongo tu! Sadoki akatengwa. Siku tisa baadaye mtoto akafa. Sikwenda msibani. Nilijiambia kutakuwa na pombe na ngoma, mwalimu hafai kuonekana pale. Na kwetu asiyekuja kulia anajulikana ana neno moyoni. Nilikaa darasani nikifuta ubao usio na maandishi, huku vilio navisikia.

Sasa haya ya Veronika. Sadoki hakupuliza. Walimpa kibuyu, akakiweka chini, akasema yeye amebatizwa. Wazee wakamwambia anamzuia mtoto asipone. Mtoto alipokufa wakasema amemuua kwa ukaidi wake. Na kanisa lilikuwa limeshamtoa kwa kupuliza. Ametengwa huku na huku.

Angetile akauliza: "Wewe ulimwona?"

Nikasema: "Niliona migongo."

Akachukua bakuli lake, akaenda kula jikoni. Leo alfajiri hakuja kwenye sala. Akasema hatakuja kuomba nyuma ya mtu mwongo.

Ijumaa, 22 Machi

Watu watano. Nimekaa siku nne bila kuandika kwa sababu bado kuna neno moja, nalo ndilo lenyewe.

Wiki niliyoandika barua ile Padre alikuwa anachagua mwalimu wa Ngonga. Tulikuwa wawili tuliosoma vizuri. Sadoki alisoma vizuri zaidi.

Basi. Limeandikwa.

Jumapili ya Matawi, 31 Machi

Watoto walikuja na majani ya mitende ya ziwani, wakapiga kelele nzuri. Niliimba nao. Katikati ya wimbo nikasikia hamu kubwa — hamu ya kuwa tena yule aliyetoka kwenye bakuli lile la maji, uso umelowa, hana la kuficha. Sikutaka kitu kingine. Sikutaka hata wengine waamke. Nilitaka niamke mimi.

Nikimwambia Sadoki, Padre atajua. Padre akijua, darasa si langu, kengele si yangu, nami nitakaa nyuma ya benchi la Veronika. Najua haya yote vizuri. Nimeyajua miaka miwili.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekwenda. Mchana, jua limetoka kidogo. Sadoki alikuwa uani anasuka mgono wa kuvulia samaki. Veronika alinipa kigoda, akaondoka.

Nilisema. Haikuchukua hata nusu ya sala ya Asajile. Nilisema habari ya migomba, ya barua, ya msiba. Aliendelea kusuka. Nilipofika kwenye ualimu mikono ikasimama.

"La migongo nilijua," akasema. "Hapo nyuma ya migomba palikuwa na nyayo za viatu. Nani mwingine hapa ana viatu? La ualimu sikulijua."

Nikamwomba anisamehe. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji, akakishika tu. Nilidhani atanimwagia. Ningefurahi.

"Tangu nibatizwe sijatia maji haya kinywani," akasema. "Nilikataa hata kwa ajili ya Tuntufye. Mtoto alinitazama, Andongwisye. Nilikataa kwa mtoto wangu, nije nipulize kwa ajili yako?"

Aliniita Andongwisye. Miaka miwili sijaitwa hivyo.

Kuku akapita kati yetu. Kisha Sadoki akasema barua hakuandikiwa yeye, aliandikiwa Padre. Nikamwambie aliyeisoma. "Siku hiyo nitakuja," akasema, "nikae nje, nisikie."

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Watu kumi na wanne. Angetile alikuja, alikaa karibu na mlango.

Nilipiga magoti, nikaomba maneno matatu: Bwana, nimeandika uongo. Niliyasema chini chini kwenye kiganja. Asajile akaitikia "Amina" kwa nguvu, sijui alidhani nimeomba nini. Na mimi nikalia. Machozi, mimi! Watu wakaona Mwalimu analia, Felista naye akaanza, na mama mmoja wa Bujonde. Baada ya sala Asajile akanishika mkono, uso unang'aa: uamsho umeanza, atamwambia Padre.

Nikamwacha afurahi. Hapo tena nimekaa kimya. Kinywa changu hiki.

Jumamosi, 6 Aprili

Padre amefika saa nne, miguu matope mpaka mapajani, amechoka na njia. Amekaa darasani kwangu, kwenye kiti changu, na daftari la washirika. Wanaingia mmoja mmoja. Mimi wa mwisho, ndiyo desturi. Nimekaa kibarazani, naandika juu ya paja ili mikono ipate kazi.

Asajile yuko ndani. Namsikia kupitia ukuta wa mianzi. Anasimulia machozi ya jana. Padre anasema hii ni habari njema, Mwalimu ni mtumishi mwaminifu. Mwaminifu!

Sadoki amekuja. Miaka miwili hajakanyaga uwanja huu. Amevaa shuka safi, amekaa kwenye gogo la kengele. Kibuyu kiko magotini. Veronika yuko kando yake, na Angetile amekwenda kusimama nao.

Ni sasa tu nimeelewa. Akipuliza maji yale hapa uwanjani, na Padre akatoka akamwona kabla sijasema, barua yangu itakuwa kweli. Asajile atakuwa shahidi. Sina haja ya kusema neno, nikae tu kama nilivyozoea. Sadoki analijua hilo. Amekuja na kibuyu hata hivyo, tayari kuitoa hasira yake nikisema.

Asajile ametoka. Ananipiga begani, anasema ingia, Baba anakungoja kwa furaha.

Nimesimama, naandika nimesimama. Padre ananiita kwa jina langu la ubatizo, anauliza kutoka ndani kama nina lolote moyoni, au aandike tu kwamba yote ni heri.

Sadoki ameinua kibuyu. Mashavu yamejaa. Hapulizi, hamezi. Ananitazama mlangoni, anangoja neno langu —