Duara la Birika

9 Barabara ya Bwawa,
Manjimup,
Australia Magharibi.
26 Novemba 2018

Mpendwa Dada Glenys,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Alasdair, na kwamba baridi ya Aberdeen haijawala masikio. Isla anaendeleaje na goti lake? Mwambie mjomba wake naye ana goti bovu, tena mawili, na yote yanalalamika akiinuka kitini. Sisi hapa hatujambo. Narelle ni mzima, ila ameanza kuninyima siagi. Mama mwili hauna tabu. Anakula, analala, na manesi wa nyumba ya wazee wanasema huimba akiogeshwa.

Joto limeanza mapema na nzi wameshahamia. Mlimau ulioupanda umezaa mpaka tawi moja likakatika. Majirani wakituona tunakuja na ndoo ya malimau wanajifanya hawapo.

Najua unasoma haya huku ukisema, Murray anazunguka. Nazunguka kweli. Mwezi uliopita nilikutumia kwenye simu picha ya meza ya Baba, nikiwa nimejaa majivuno, nawe ukanijibu kwa maneno manne tu: “Imependeza. Duara liko wapi?” Ni wiki nne sasa sijajibu. Labda ulidhani simu yangu imeharibika. Simu ni nzima, Dada. Aliyeharibika ni mimi.

Unajua desturi ya nyumba hii. Kabla ya Krismasi, viti na meza ya baraza la nyuma huoshwa, ili watu wapate pa kulia kamba bila kujifuta suruali. Narelle alinipa maelekezo kama anayemtuma mtoto dukani: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini, sugua kwa kufuata nyuzi za mbao, kausha kivulini, na kabla ya kugeuza kiti tazama chini yake kama kuna buibui wa mgongo mwekundu, yule mwenye sumu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mama aliifanya miaka arobaini akiwa na aproni yake ya jikoni na ndoo moja.

Lakini Trev wa jirani amenunua mashine ya kurusha maji kwa nguvu. Wanaume wa mtaa huu tunaipitia pale kwake kuitazama, tunainama, tunaigonga gonga, tunarudi nyumbani tukiwa wanyonge. Nikaiazima. Nilianza na viti vya plastiki, vikatoka vyeupe kama meno ya tangazo. Hapo kichwa kikavimba. Nikaigeuzia meza.

Mbao ilichanika. Ilipokauka, meza ilikuwa na manyoya kama mbwa aliyetoka mtoni. Sikutaka Narelle aone, nikaleta mashine ya msasa nikaipitisha juu yote. Manyoya yakaondoka, weusi ukabaki. Dukani wakaniuzia unga wa kutoa weusi kwenye mbao, unaukoroga kwa maji ya moto na kuupaka. Niliupaka kila mahali. Weusi uliyeyuka nikiutazama, na nilikuwa napiga mluzi. Kisha nikapaka mafuta mara tatu, meza ikawa nyekundu kama siku ile Baba alipoitoa karakanani, mataruma ya reli yamegeuka kuwa samani.

Ningependa kukwambia kwamba nililisahau duara. Sikulisahau. Nililiona, nikaliita doa.

Na duara lile nililijua tangu utoto kama wewe. Birika la kijani, enameli yake imebanduka chini, na Mama akilitua likiwa bado linatiririka, saa nne na saa kumi, palepale, upande wa mlimau. Baba alijaribu kuweka mkeka mdogo pale. Mama akauhamishia mkeka upande wa Baba, akasema aliyekuwa na wasiwasi ndiye aukalie. Mbao ikaendelea kuwa nyeusi mwaka hadi mwaka.

Kitu ambacho sikuwahi kukueleza, kwa kuwa sikuona kama ni kitu, ni kwamba Mama alikuwa analitumia. Tunapomleta kula nasi Jumapili, jina la mkwewe Narelle hana tena, na mimi ananiita Cliff, jina la Baba. Ila akitoka mlango wa nyuma alikwenda moja kwa moja hadi kwenye duara, akavuta kiti, akaweka kiganja juu yake, akatulia. Hakuna aliyekuwa anamwonyesha. Akishakaa pale alianza hata kutuamrisha, chumvi iko wapi, nani kaacha mlango wazi.

Jumapili ya kwanza baada ya kazi yangu, alitoka mlangoni akasimama. Akaizunguka meza mara mbili, mkoba mkononi. Akamwambia Narelle kwamba ni meza nzuri sana, wenyewe ni akina nani. Kisha akanigeukia.

“Mimi nakaa wapi?”

“Popote, Mama.”

“Popote ni pa wageni,” akasema, bila hasira hata kidogo.

Akaenda kuketi kwenye ngazi ya baraza, mkoba mapajani. Nyama yake ya kuoka aliilia pale pale. Tulipomrudisha alitushukuru kwa ukarimu wetu, akasema tusijisumbue kumwalika tena, maana njia ni ndefu. Dada, kutoka kwao hadi hapa ni dakika saba.

Nilikwenda kwa Trev kurudisha mashine yake na kutafuta wa kunionea huruma. Nilikosea mlango. Alifanya kazi kiwanda cha mbao miaka thelathini, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mbao ya jara ikikutana na chuma chenye maji inaandika, bwana mdogo. Umefuta maandishi ya mama yako kwa mashine yangu, halafu unaniletea bila hata kuisafisha.”

Basi nikaamua kughushi. Nilichukua kopo kuukuu la rangi, nikaliloweka, nikalituliza pale kutwa mbili. Likatoka duara, dogo, na limekaa upande kama kofia ya mlevi. Jumapili Mama alilipitishia kidole. “Hii si yangu,” akasema. “Hii ya mtu wa chai ya haraka.” Akarudi kwenye ngazi yake. Narelle alicheka hadi akalia, kisha akalia bila kucheka.

Jana ilikuwa Jumapili ya nne. Mama alikaa kwenye ngazi tena, na safari hii hakuuliza.

Sasa nimefika mahali ninapopaogopa. Birika unalo wewe. Na siku ulipoondoka nalo, pale uwanja wa ndege Perth, mbele ya Alasdair na Isla na foleni nzima ya watu, nilikwambia, “Ungembeba Mama, si birika.” Nililitunga tangu nyumbani lile neno. Kwa muda wa saa tatu na nusu barabarani nilikuwa nalinoa. Ulilikumbatia tu birika ndani ya sweta lako. Nikajiona nimeshinda, kwamba mimi ndiye mtoto anayetunza na wewe ndiye unayechukua. Kumbe ulijua kilichomo kwenye nyumba hii, na mimi niliyebaki nacho nimekikwangua kwa mikono yangu. Nisamehe, Dada. Nilipaswa kuandika sentensi hii miaka miwili iliyopita, wakati nilipokuwa sihitaji kitu kwako, ingekuwa na sura nzuri zaidi.

Narelle anasema nikuombe ulitume kwa posta. Mimi naomba uje nalo. Njoo Krismasi, au baada yake, hata kwa wiki moja. Mimi sijui lilikuwa linatuliwa wapi hasa, lilikuwa linaelekea upande gani. Wewe unajua, na huenda mkono wa Mama nao unajua akikabidhiwa. Chuma hakiandiki vizuri juu ya mafuta, kwa hiyo leo asubuhi nimekwangua upande wa mlimau, kwa mkono safari hii, nikifuata nyuzi, mahali pa ukubwa wa sahani. Pako wazi.

Msalimie sana shemeji Alasdair, mwambie kile kiti chake cha kukunja bado kizima, sijakigusa. Mbusu Isla goti. Narelle anakusalimu, na Trev pia, ingawa bado ananinunia. Mungu akulinde barabarani na angani, na akupe moyo mpana kuliko ninavyostahili.

Ni mimi, mdogo wako nikupendaye na niliyekukosea,

Murray

N.B. Kutu iliyo chini ya birika iache kama ilivyo. Tafadhali, usilisafishe.