Kitufe Chekundu

Kaka,

Huku tupo, paka wako amezaa. Ile mashine ya kuchonga vyuma uliyoifunga mota na kompyuta, kisha ukasafiri, juzi ilimnasa Baba mkono wa shati. Alibonyeza kitufe chekundu cha dharura mara tatu, ikaendelea kusaga. Mimi ndiye niliyechomoa plagi. Vidole viwili vimekwenda.

Leo nimefungua boksi la swichi ulilolifunga kwenye mashine. Nyuma ya kitufe hakuna hata waya mmoja! Ulikipachika kama pambo, ukapiga picha, ukajisifu kwa ukoo mzima. Kinyaa kimenishika mpaka nimetema mate.

Baba sijamwambia. Anakuomba radhi, eti labda hakukibonyeza sawasawa.

Bado ni dada yako, kwa hilo sina la kufanya.