Siku Zako Zilipochelewa, Dada

Dada yangu mpendwa Skola,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Yale niliyokuambia kwamba nimeyasoma kwenye kitabu cha biolojia, sikuyasoma popote. Kitabu chetu hakikuwa na ukurasa huo.

Unakumbuka? Ulikuwa umerudi hapa nyumbani Malangali na mtoto, shemeji akiwa mpakani Kasesya kwenye malori, ukisubiri tarehe ya kuripoti chuo cha uuguzi. Nafasi hiyo uliiomba mara tatu. Barua ya chuo ilisema wazi kwamba mwenye mimba asije.

Ulinieleza tukipepeta ulezi. Shemeji alipokuja kukuona, mpira ulipasuka. Asubuhi yake ukaenda mjini, ukanunua vidonge vya dharura vya kuzuia mimba katika mojawapo ya maduka ya dawa yaliyokuwa yakifunguliwa kila kona, ukameza. Sasa siku zako zilikuwa zimefika na kupita, na hukuona kitu.

"Vidonge vimenidanganya, Fina," ulisema. "Chuo basi tena."

Siku ya nne ulitoa nguo zako kwenye sanduku la bati, ukatia mbegu za mahindi, kama mtu aliyeamua kubaki kulima. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Unanijua nilivyo. Darasani niliona afadhali fimbo kuliko kunyoosha mkono. Lakini siku hiyo nilitoka shule nikaenda moja kwa moja zahanati. Nesi alikuwa mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo," nikasema, nikatazama ukuta.

"Marahaba. Mwanangu, ukuta huo hauumwi. Niambie mimi."

Nikasema yote kwa pumzi moja: mtu, vidonge vya dharura, siku zimechelewa.

"Ni wewe?"

"Si mimi. Na simtaji."

Akacheka. "Basi usimtaje. Mwambie vidonge hivyo huvuruga siku. Zinaweza kuwahi, zinaweza kuchelewa, mara nyingi si zaidi ya wiki. Kuchelewa peke yake si mimba. Zikipita siku saba, aje apime mkojo, asikae nyumbani kubahatisha. Na hata zikija, aje tuzungumze njia nyingine. Hivyo ni vya dharura, si vya kila mara."

Nilirudi mbio, upepo wa baridi ukinipiga usoni, nikirudia maneno yake nisiyasahau. Kwako nikasema, "Kitabu cha biolojia kinasema subiri siku saba, halafu upime."

"Kumbe ada ya shule haijapotea," ukasema. Ilikuwa mara yako ya kwanza kutabasamu wiki ile.

Kila asubuhi nilisogeza punje moja ya rozari, punje moja kwa siku moja uliyochelewa, nikianza na zile nne zilizokwisha kupita. Mama akaniona.

"Mtazameni Fina! Huyu atakuwa sista."

Wewe ukapaliwa na uji.

Nilikuwa nimeshika punje ya sita ulipotoka chooni mbio, kanga mkononi. "Fina! Zimekuja!" Wasichana wote ninaowajua hununa siku hiyo ikifika. Sisi tuliruka kama tumeshinda kombe, tukapindua ungo.

"Kuna nini huko?" Mama akauliza kutoka jikoni.

"Ulezi, Mama! Umepepeteka vizuri!"

"Mbona umemwagika wote?"

Jioni ile mbegu zilirudi kwenye gunia na nguo zako zikarudi sandukuni. Halikufungika, nikakalia kifuniko.

Sasa nimemaliza kidato cha nne, na wewe uko mwaka wa pili. Picha yako ya sare nyeupe iko ukutani kwa Mama. Nikiitazama najiambia kimya kimya kwamba na mimi nimo humo.

Juma lililopita jirani yetu, mke wa yule mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, alikuwa na swali la kuuliza zahanati na aliona haya. Nikamwambia, "Twende, nitauliza mimi." Nesi akanitambua.

"Leo huongei na ukuta?"

"Hapana, Mama," nikasema, na sauti yangu ilisikika hadi kwenye benchi la nje.

Shemeji unaweza kumwambia haya ukipenda. Lakini dada, nakuomba, Mama asijue rozari ile ilikuwa inahesabu nini. Hadi leo anawatangazia majirani kwamba naingia utawa. Kwamba siingii, nitamwambia mwenyewe, taratibu. Sasa najua naweza.

Mdogo wako aliyekalia sanduku,
Fina