Kidole Gumba kwenye Pampu

Chang'ombe, 3 Septemba 1976

Mpwa wangu Leonardi,

Kosa la mafundi wengi ni hili: taa ya oili ikiwaka, wanailaumu pampu. Niwie radhi kwa kuitanguliza injini mbele ya salamu. Sisi hatujambo, ila mguu wangu bado uko kwenye plasta na shangazi yako hanitoi nje ya ua. Wewe je, kifua kimepona?

Umeandika kwamba pampu ya hilo gari jekundu la viti viwili imekufa na mnasubiri nyingine kutoka Ulaya. Kwa vibali vya siku hizi utasubiri mpaka uote mvi. Kumbuka kazi ya pampu ni kuvuta oili chini ya injini na kuisukuma kwenye vyuma vinavyosuguana. Kabla ya kuizika, uliza kama inapata cha kuvuta.

Kwani lazima usubiri huko huko Kunduchi? Njoo ule ugali kwako.

Mjomba wako,
Kornelio


Kunduchi, 9 Septemba 1976

Shikamoo Mjomba,

Kifua kimepona, namshukuru Mungu. Poleni na mguu.

Siwezi kuja. Bwana Fakihi, mwenye gari, alichukua kitambulisho changu cha kazi siku ya kwanza, eti akiandikishe. Sasa anatembea nacho mfukoni mwa shati. Nikimwomba ananiambia, "Fundi, gari liwake kwanza." Nikitoka bila hicho, mgambo wananisubiri njia panda, asiye na kazi anapakiwa lori, anapelekwa kijijini kulima. Wiki ya saba hii, nalala stoo na matairi. Salumu mlinzi ananitania: "Wewe na gari nani kaharibika?"

Barua hizi asingezibeba Dada Felicitas kwenye kapu lake la samaki, ningesahau hata jina langu.

Mpwa wako,
Leonardi


Chang'ombe, 13 Septemba 1976

Mpwa wangu,

Barua yako ilinuka samaki, lakini niliisoma mara tatu. Pole sana, mwanangu.

Fanya hivi. Fungua pampu, itie oili kidogo, izungushe kwa mkono huku kidole gumba kimeziba tundu la kuvutia. Kidole kikishikwa, pampu ni nzima. Kisha tazama pale bomba la kuvutia linapoungana na pampu. Hapo gaskiti, ile karatasi ya kuziba kiungo, imekatwa kwenye nini?

Mjomba wako,
Kornelio


Kunduchi, 20 Septemba 1976

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mguu unaendelea vizuri. Kidole kilishikwa! Nilicheka peke yangu mpaka Salumu akachungulia.

Gaskiti ni boksi la viatu. Niliikata mwenyewe mwezi Julai nilipofanya kazi ya kwanza kwenye gari hili, kama ulivyonifundisha. Imelowa, imekatika upande mmoja.

Mpwa wako,
Leonardi


Chang'ombe, 2 Oktoba 1976

Mpwa wangu,

Nimekawia kwa sababu ya aibu. Mguu haujambo, ila bado sitembei.

Kweli nilikufundisha boksi la viatu, tulipokosa vipuri. Sikukwambia kwamba linafaa kuzuia maji au vumbi, si kwenye njia ya kuvuta oili. Likikatika, pampu inavuta hewa, na hewa hailainishi chuma. Mwalimu anayefundisha nusu humfunga mwanafunzi wake. Wiki zako zote humo stoo nimekufungia mimi.

Nimempa Felicitas kipande cha karatasi halisi ya gaskiti. Nimekihifadhi tangu nilipostaafu. Kata taratibu, hakuna kingine.

Mjomba wako,
Kornelio


Kunduchi, 6 Oktoba 1976

Shikamoo Mjomba,

Usijilaumu, mwalimu wangu ni wewe tu. Gaskiti imekaa, pampu imerudi mahali pake. Sijawasha.

Jana nilimsikia Bwana Fakihi akimwambia Salumu: "Likiwaka naliuza, halafu kuna lori na pikipiki ya shemeji. Fundi kama huyu nimwachie aende wapi?" Salumu hakucheka. Mjomba, lisipowaka nimefungwa, likiwaka nimefungwa. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Leonardi


Chang'ombe, 8 Oktoba 1976

Mpwa wangu mpenzi,

Huku wazima. Felicitas anasubiri mlangoni, basi nisikilize.

Bwana Fakihi anataka kuliuza gari. Mwambie mnunuzi atauliza ni fundi gani mzee aliyelikagua, na mzee huyo ni mlemavu wa mguu, yuko Chang'ombe, lazima alisikilize likiwa la moto. Atakuja; mwenye gari jekundu hapendi kuliendesha uani.

Mtaa wetu unajua desturi yake. Mgeni yeyote anayeingia huandikwa na balozi wa nyumba kumi, naye ni Mama Apolonia. Atakaa barazani kwangu na daftari lake. Atakuomba kitambulisho. Utasema, mbele ya majirani, "Anacho Bwana Fakihi." Na Mama Apolonia akishasoma kitambulisho, humkabidhi yule mwenye picha. Hajawahi kukosea.

Chumba chako kimefagiliwa. Ila pampu ilifunguliwa, sasa ni kavu, na pampu kavu haivuti. Injini itakufa kabla ya kufika Mwenge, na wewe utarudishwa stoo.

Leo, kabla hujawasha, jaza pampu oili.

Mjomba wako,
Kornelio