Kipepeo Asiyefanana na Mamake

Likoni, mwezi wa Shaabani

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu. Mimi mzima, alhamdulillahi. Je, kile kikohozi kimekuacha? Na paa la jikoni limeezekwa?

Mama, nimeshinda! Nianzie hapo, maana siwezi kungoja.

Huyu Mzungu wangu, Bwana Vipepeo, ndiye yule niliyemletea kipepeo cha kupepea makaa siku ya kwanza, kumbe ataka mdudu. Basi kuna kipepeo mdogo wa kahawia, mpenda ndizi zilizooza. Wakati wa mvua mbawa zake zina viduara kama macho. Kiangazi huonekana mwingine asiye na macho, akitua kwenye majani makavu humtambui. Bwana aliwatenga, kila mmoja na sanduku lake. Mimi nikawatia pamoja. Lo, alivyowaka!

"Wewe changanya mbili! Wewe mwongo!"

"Si mwongo, Bwana. Wallahi hawa ni wamoja."

"Onyesha mimi, ama kwenda zako."

Kufukuzwa ningestahimili. Neno mwongo liliniuma. Mwisho wa mvua nikanasa jike mwenye macho, nikamfungia ndani ya chandarua chumbani kwangu, juu ya chungu cha nyasi. Akataga. Wakatoka viwavi wa kijani wenye vipembe viwili, walafi kweli, kila asubuhi nawakatia nyasi mbichi kabla ya kazi. Walipojifunga vifukoni hata chakula kilinishinda kwa wasiwasi.

Jumatatu, kiangazi kimeshaingia, wakatoka kumi na mmoja, kahawia tupu, hata mmoja hana macho!

Nikawabeba na chandarua chao mpaka mezani kwa Bwana, pamoja na mama yao. Akatazama, akavua miwani, akanipa mkono. "Mimi ndiyo mwongo," akasema, na kile Kiswahili chake kibovu kikanipendeza kwa mara ya kwanza. Sasa wako sanduku moja, na kikaratasi chake kina jina langu. Huku barazani hakuna neno ila uhuru, lakini wiki hii wamenisikiliza mimi.

Nisalimie dada zangu wote, na kaka yako mwenye kukusomea barua hii. Umsalimie na shangazi, anayesema tangu nizaliwe kwamba sifanani na mtu yeyote wa kwao. Nilikuwa nakuona ukiinamia sufuria, unanyamaza. Usinyamaze tena, mama. Nikijaliwa nitafuturu nawe Ramadhani hii, lakini kumjibu shangazi usiningoje. Mwambie leo: mwanangu alizaliwa kiangazi.

Ni mimi, mwanao wa halali,
Athmani