Mtu Katikati ya Uwanja

Jenifer mbona hupokei?? Basi soma.

Si unajua barabara ya Mngeta imekatwa na maji? Wifi Margareta yuko kwenye uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Nesi akasema bila upasuaji tunampoteza. Ikaitwa helikopta impeleke Ifakara.

Asubuhi ukungu mzito, huoni hata mwenzako.

Mimi na akili zangu nikawasha pumba za mpunga pembeni ya uwanja wa mpira, eti rubani aone pa kutua. PUMBA, Jenifer! Moshi ukajaa, nikaukimbia huku nakohoa, tukazidi kuwa vipofu.

Rubani, nesi alishampa namba yangu, akanipigia anafoka: "Nani kawasha moto? Zima!"

Pumba unazizimaje? Hata mvua haiziwezi.

Akasema basi, ana kioo humo ndani kinachoonyesha chochote chenye joto, hata kwenye moshi. Helikopta tunaisikia juu ya vichwa vyetu, hatuioni.

"Kuna mtu katikati ya uwanja. Mwondoeni, siwezi kushuka."

Nikapayuka: "Tokeni uwanjani! Mnamuua Margareta!"

Watu wote wanajibu kutoka ukutani pa kanisa, nje ya uwanja: "Tuko huku!"

"Bado yupo. Nitageuza nirudi."

Nikaanza kumlilia rubani: "Kaka, hakuna mtu, nakuapia!"

Akazunguka tena. Halafu akasema taratibu: "Dada, huyo mtu kaweka mkono sikioni. Anaongea na simu."

Jenifer. Nilikimbia nikaacha viatu kwenye tope.

Wameshaondoka na Margareta, kaka Beno mumewe kapanda pia. Hajapiga bado. Viatu viko palepale katikati, nashindwa hata kuvifuata.